Vyuma vinavutwa salama, watu wanazama

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana, Goma, Novemba 2024



Ziwa Kivu halina mlango wa meli. Maji yake yanatoka kwa Ruzizi kwenda Tanganyika, lakini kule kuko maporomoko na mabwawa ya umeme, hakuna chombo kinachoweza kupanda. Kwa hiyo kila chuma kikubwa mnachokiona juu ya ziwa letu kilikuja vipande vipande juu ya gari, ao kiliunganishwa pembeni ya maji, kisha kikavutwa.

Jirani zetu walifanya hivyo kule Kibuye. Jukwaa la KivuWatt, la kampuni ContourGlobal, liliunganishwa ukingoni, likakokotwa mpaka kilometa 13 ndani ya ziwa, likafungwa pale. Linavuta maji ya chini sana, kama metre 350, linatenganisha gesi ya metani, na bomba linaileta nchi kavu. Tangu 2016 wanapata megawati 26. Kazi kama ile haifanywi kwa kubahatisha: unapima uzito, unapima kamba, unangoja upepo mzuri. Chombo kikizama, pesa ya watu inazama, na wenye pesa hawakubali.

Na kukokota vyuma si jambo jipya kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, katika Katanga, juu ya milima ya Mitumba, wakizivuta kwa trekta za mvuke na ng'ombe, mpaka Tanganyika. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa njiani. Mnafikiri nani alikata ile miti? Ng'ambo, Wajerumani walileta meli nzima, Goetzen, ndani ya masanduku 5,000 kutoka Papenburg mpaka Kigoma. Ndiyo hii watu wanaita Liemba. Kwa vita njia ilipatikana. Kwa gesi njia ilipatikana.

Sasa tuongee ya kwetu.

Tarehe 3 Oktoba, siku ya ine, Merdi ilitoka Minova imejaa watu na mizigo. Ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wa bandari wakiiangalia kwa macho. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo mama anayetafuta maharagwe ya kuuza hapa mjini hakuwa na njia ingine, ni ziwa tu. Gavana wa Kivu Kusini alisema watu 278 walikuwa ndani na 78 walikufa. Upande wetu wa Kaskazini wakatoa hesabu ndogo. Ni vile hakukuwa na orodha ya kuaminika. Kuna familia zilizozunguka kati ya hospitali na ukingo, kwa sababu hakuna mtu aliyeandika majina yao wakati wa kupanda. Lakini pesa ya tiketi iliandikwa!

Msituambie ni mapenzi ya Mungu. Mwezi wa ine 2019 bwato lilizama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akaja, akaamuru kila msafiri avae jile. Nyinyi mnaopanda kila juma mnajua ngapi mnazikuta ndani.

Julai 2022 Kinshasa ilifungua mnada: maeneo 27 ya petroli na 3 ya gesi hapa ziwani, yaani Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Washindi wa gesi walitangazwa Januari 2023. Siku moja, basi, jukwaa litavutwa upande wetu pia, na sisi wenye diplome bila kazi tutasimama pa ukingo tukipiga picha. Hatukatai gesi. Tunauliza kamba itakayolivuta itafungwa kwa masharti gani.

Tunataka mikataba ile isomwe hadharani, na iandikwe humo: kabla ya jukwaa lolote kukokotwa, bwato la uokozi na wazamiaji wawe Kituku, mchana na usiku. Orodha ya majina kwa kila safari. Alama ya uzito iliyopakwa rangi ubavuni, na mkaguzi akiacha bwato litoke alama ikiwa ndani ya maji, jina lake libandikwe kwenye bandari.

Barua iko hapa mezani. Waliopoteza mtu ndani ya Merdi watatia saini wa kwanza, sisi wengine tunapanga mstari nyuma yao. Kesho asubuhi tunaipeleka kwa miguu.