Breki ya Kurudisha Chaji: Uchaguzi wa Kiwango Kati ya Tabora na Bonde la Bahi

Mada kwa semina ya madereva na wamiliki wa magari ya umeme, Tabora

Utangulizi



Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji haijawahi kumhurumia msafiri asiyepanga nguvu zake. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na mizigo ya kilo 30 hivi begani, wakihesabu maji na chakula kutoka kambi hadi kambi, hasa walipoikabili Mgunda Mkali, nyika kavu iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 7. Sasa lami ya Manyoni, Itigi na Tabora inakatiza nyika hiyohiyo, na dereva wa gari la umeme ana hesabu yake: chaji iliyobaki na umbali wa mahali pa kuchajia.

Hoja yangu ni moja. Kiwango cha breki ya kurudisha chaji kichaguliwe kwa kufuata ardhi, mzigo na hali ya barabara. Kisiwekwe siku gari linaponunuliwa kikaachwa hapo.

1. Mfumo unavyofanya kazi

Ukiachia eksileta, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka dainamo. Umeme unaozalishwa unarudi kwenye betri, na gari linapungua mwendo. Nissan Leaf nyingi zina nafasi ya B kwenye gia, na baadhi ya matoleo ya baadaye yana e-Pedal, inayoweza kulisimamisha gari kwa kuachia eksileta tu. Magari mengi ya umeme ya Hyundai yana vipini viwili nyuma ya usukani, kimoja cha kuongeza nguvu ya breki hiyo na kingine cha kuipunguza. Baadhi ya bajaji na pikipiki za umeme hazina mfumo huu kabisa. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

2. Kwenye tambarare: kiwango cha chini

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Barabara imenyooka, na breki hairudishi kingi kwa sababu hakuna kingi cha kurudisha. Chukua gari la kilo 1,800 pamoja na abiria. Likipunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 50 kwa saa mbele ya kibao cha kijiji, nishati inayotoka ni yuniti 0.075, yuniti ileile ya umeme tunayonunua kwa LUKU. Hata ingerudi yote, gari lisingemaliza kilomita moja. Na hairudi yote, kwa kuwa umeme hupungua unapoingia kwenye betri na hupungua tena unapotoka.

Kwa hiyo weka kiwango cha chini, tazama mbele, achia eksileta mapema, uache gari liserereke hadi kwenye tuta au kibao. Kinachookoa chaji zaidi hapa ni mwendo wenyewe: ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Anayeshuka kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa huokoa kuliko anayehangaika na vipini.

Ndani ya mji ni tofauti. Penye baiskeli, bodaboda na watembea kwa miguu, unasimama na kuondoka kila mara. Hapo kiwango cha juu kinafaa.

3. Kwenye mteremko wa Saranda: kiwango cha juu

Kutoka Manyoni kushuka kupitia Saranda hadi bonde la Bahi, ardhi inaporomoka kama mita 400. Gari letu la kilo 1,800 huachia hapo nishati ya takriban yuniti 2, sawa na birika la umeme la wati 2,000 likichemka saa nzima. Sehemu hutumika kulisogeza gari lenyewe. Iliyobaki, dereva asipoielekeza kwenye betri, huishia kuwa joto kwenye diski na pedi. Breki huchemka namna hiyo, kisha zikafeli.

Madereva wa malori wana kanuni ya siku nyingi: shuka na gia uliyopandia. Kwa gari la umeme, pandisha kiwango kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Anayetoka Singida kwenda Igunga na Nzega afanye vivyo hivyo kwenye mlima Sekenke.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui. Betri iliyojaa haipokei umeme. Ukichaji Manyoni hadi asilimia 100 kisha ukaanza kushuka, utaachia eksileta na gari halitashika kama ulivyozoea. Ishia asilimia 85 au 90, na mguu uwe tayari kwenye breki ya kawaida.

4. Kwenye mchanga na matope: punguza

Breki hii hufanya kazi kwenye magurudumu yanayoendeshwa na mota tu. Kwenye barabara ya udongo iliyolowa, kiwango cha juu kinaweza kuyafanya magurudumu hayo yateleze ghafla. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ndilo rahisi zaidi kuyumba mkia. Punguza kiwango, punguza mwendo.

5. Mapendekezo

(i) Magari mengi yaliyotumika yanatoka Japani na maandishi ya Kijapani kwenye skrini. Mnunuzi adai kuelezwa kila mpangilio kabla ya kukabidhiwa gari.

(ii) Breki ya kawaida ikaguliwe kwa ratiba. Isipotumika sana, diski hushika kutu.

(iii) Dereva ahakikishe kama taa za breki huwaka anapoachia eksileta, maana wa nyuma yake anazitegemea.

(iv) Shule za udereva zifundishe jambo hili kwa vitendo. Mwanafunzi asihesabiwe kuwa ameiva kwa gari la umeme kabla hajashuka mlima kwa kiwango sahihi, na kabla hajaweza kueleza atafanya nini betri ikiwa imejaa.