Maji ya Ziwa na Haki ya Mama

Akina mama na walezi wa Mfangano, Ziwa Victoria limetuzunguka pande zote, lakini watoto wetu wanaharisha. Pale tunapofulia, ng'ombe wanapokunywa na watoto wanapooga, ndipo tunapojaza mtungi. Kipindupindu kikija, hupitia hapo hapo.

Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, kisha uyafunike, au utie dawa ya klorini. Lakini kuni ni pesa, na dawa ni pesa. Mbona mzigo wote uwe wa mama?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Huduma ya maji ni kazi ya kaunti, kwetu ni Homa Bay. Kikao cha bajeti kikitangazwa, msiwaachie wanaume. Nendeni kama kikundi, mmoja wenu aandike. Ulizeni: maji ya kijiji chetu yametengewa shilingi ngapi? Mtungi wa lita 20 utauzwa bei gani kwenye kioski?

Na mtoto akiharisha leo, usingoje kikao. Mpe ORS iliyokorogwa kwa maji safi, endelea kumnyonyesha, umpeleke zahanati.