Kabla ya Kukopa Mashine ya Pili
Hotuba kwa mafundi wa Dagoretti Corner

Sitawaweka sana; najua kuna makochi yanayongojwa na wenyewe.

Wengi wenu huja kuuliza mkopo wa mashine ya pili. Nami huuliza: ya kwanza inafanya kazi kiasi gani? Jibu huwa, "Inafanya tu, tangu asubuhi." Hiyo si hesabu.

Mjapani Seiichi Nakajima aliwafundisha wenye viwanda kuligawa swali hilo mara tatu. Chukueni mfano wa karakana inayochonga miguu ya viti. Siku ya kazi ni saa 8, yaani dakika 480. Stima ikapotea, patasi ikawa butu, mbao zikachelewa. Mashine ikazunguka dakika 360. Hiyo ni asilimia 75. Mguu mmoja huchukua dakika 6, kwa hivyo tulitarajia miguu 60. Ikatoka 48, asilimia 80. Kati ya hiyo 48, 12 ikapasuka kwa kuwa mbao zilikuwa mbichi. Mizuri ni 36, asilimia 75. Zidisha zote tatu: asilimia 45. Zaidi ya nusu ya siku imepotea, na mwenye karakana yuko njiani kwenda benki.

Viwanda vikubwa hulenga asilimia 85. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha kufunga kwenye waya wa mashine, kinachohisi umeme ukipita na kutuma dakika kwenye simu. Ni kizuri, lakini hakiujui mguu uliopasuka. Anzeni na daftari: wiki mbili, andikeni kila mashine inaposimama, na kwa nini.

Sasa nyinyi vijana mnaolipwa kwa siku. Nimewasikia mkinong'ona kwamba huku ni kupelelezwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tazameni tena mfano wetu: stima, patasi, mbao mbichi. Fundi alikosa wapi? Mwajiri anayekata mshahara kwa tarakimu hiyo amelisoma daftari vibaya. Na akiweka kamera, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka awaambie anakusanya nini, na kwa sababu gani.

Madaftari yako pale mezani, tayari yamepigwa mistari. Mkiyajaza, yaleteni tuyapitie pamoja kabla ya fomu ya mkopo.