Mwenye kujua matokeo hakuuzii kwa dola 10



Leo hatutaongea juu ya barabara wala juu ya umeme. Tutaongea juu ya simu zetu sisi wenyewe.

Tulipofungua kasa ya michango yetu, dola 40 hazikuwemo. Yule aliyeichunga hakukimbia. Alisimama mbele yetu, akasema kweli: dola 10 alilipia abonema ya «VIP» kwa mtu wa Telegram anayeuza utabiri wa mechi, 30 zikaenda kwenye makuponi. Hatukumfukuza. Juu ya nini? Tulipouliza nani mwingine amelipa, mikono sita ilinyanyuka.

Basi tukapiga hesabu pamoja.

Kwanza, abonema. Umecheza dola 30 kwa mwezi, umelipa 10 kwa mtabiri. Ili ile 10 irudi tu, makuponi yanapaswa kukuletea faida ya 33%. Hata Ulaya, wale wanaoishi kwa kazi hii, na kompyuta zao na wataalamu wao, wanafurahia asilimia chache tu.

Pili, kuponi yenyewe. Mechi ya nusu kwa nusu ingepaswa kulipa mara 2; kampuni inalipa kama 1,90. Ile kidogo inayobaki njo mshahara wao. Unganisha mechi tano za namna hiyo: kwa wastani, kuponi moja kati ya 32 inapita. Kuponi 32 za franka 1.000 ni 32.000. Ile moja inakulipa karibu 24.760. Na huyu mwenye mechi kumi na tano?

Tatu, mtasema: «Lakini alipatia mara nne mfululizo!» Muangalie. Mtu ana watu 1.600. Anaambia 800 timu itashinda, 800 haitashinda. Wale aliowadanganya anawaacha, wengine anawagawa tena: 400, 200, 100. Kisha mechi nne, watu 100 wanaapa kwamba yeye ni nabii. Hajui kitu. Na picha za kuponi anazotuma? Zile zilizopotea hatumi.

Nne, kodi promo. Makampuni mengi yanamlipa aliyekuleta sehemu ya makuta unayopoteza. Kwa hiyo ukilia, yeye anakula. Na anayekuuzia mechi «iliyopangwa», muulize swali moja: kama unajua matokeo, kwa nini unahitaji dola 10 zangu?

Hatuko hapa kutukana mtu. Tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, mashamba mingi hayafikiki, mwenye diploma anaendesha moto. Kuponi ya jioni inauza matumaini, na matumaini ni kitu kinachokosekana Bunia. Lakini ile njaa yetu isigeuke biashara ya mwingine.

Tunadai viongozi watoe hesabu ya kila franka. Tudai vilevile kwa mtabiri: aonyeshe makuponi yote ya miezi sita, ya kushinda na ya kupoteza. Akikataa, toka kwenye grupu.

Na wewe, usiku huu andika kwenye kartasi: nimeweka ngapi, nimetoa ngapi. Kama kuacha kunakushinda, uje tuongee, hatutakucheka.

Mwenzetu amesharudisha dola 15. Kasa bado anaichunga yeye, ila sasa tunahesabu wawili wawili.