NCHI JIRANI: KAZI NA AFYA YA NAFSI KWA VIJANA WALIOTOKA VITANI



Mwaka 2006 mapigano yalikoma kaskazini mwa Uganda, baada ya takriban miaka 20 ya mateso. Wakulima walitoka makambini wakarejea mashambani, na nyumba zikajengwa upya. Lakini kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko ya kujenga nyumba. Kazi hiyo ni kumwezesha kijana aliyetekwa angali mtoto, akatwishwa bunduki na kulazimishwa kuua, aishi tena kama raia anayejitegemea.

Kundi la Lord's Resistance Army, likiongozwa na Joseph Kony, liliteka watoto zaidi ya 20,000. Mwezi Oktoba 1996 lilivamia usiku shule ya wasichana ya Aboke na kuchukua wanafunzi 139. Mtawa mmoja, Rachele Fassera, aliwafuata watekaji porini akarudi na wasichana 109. 30 walibaki mikononi mwao. Wavulana walifanywa wapagazi na wapiganaji. Wasichana wengi waligawiwa makamanda, wakazaa watoto huko huko msituni.

Kwa wale waliofanikiwa kutoroka, mara nyingi mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa askari. Kwa sababu hiyo jeshi la Uganda liliweka mjini Gulu kitengo maalumu cha kuwahifadhi watoto. Walikaa hapo kwa muda mfupi, kisha wakakabidhiwa kwa vituo vya kiraia, kikiwemo cha shirika la GUSCO lililoanzishwa mwaka 1994. Huko walitibiwa na kutafutiwa jamaa zao. Utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa. Msituni watoto hao walikuwa wameaminishwa kwamba atakayejisalimisha atauawa. Askari aliyempa mtoto maji, akamwuliza jina lake na kumkabidhi upesi kwa wanaohusika, aliufichua uongo huo. Askari ambaye angemtisha na kumfanya mateka wa vita angeuthibitisha.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwapa waliorejea shilingi 263,000 za Uganda pamoja na godoro, sufuria na jembe. Nao wazee wa Kiacholi waliwapokea kwa mila ya kukanyaga yai kwenye kizingiti cha mji, karibu na mti wa kufungulia ghala, ishara kwamba aliyepotea atakula tena pamoja na wenzake. Hatua hizo zilikuwa njema. Hata hivyo, fedha zile ziliisha upesi, na kijana akabaki bila elimu wala ufundi.

Uchunguzi uliofanywa mwaka 2005 na 2006 na wataalamu Jeannie Annan na Christopher Blattman ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Sehemu kubwa ya vijana hao hawakuwa wakatili wala wagonjwa wa akili. Majeraha mazito ya nafsi yaliwaelemea wachache, hasa wale walioshuhudia au kutendewa ukatili mkubwa zaidi. Hasara iliyoenea ilikuwa ya shule na riziki: waliotekwa walipoteza karibu mwaka mzima wa masomo, na kipato chao kilipungua kwa takriban theluthi moja.

Je, wale wachache wenye majeraha mazito wasaidiweje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusu vijana 85 waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za vita. Wenyeji wasio madaktari walipewa mafunzo, wakakaa na baadhi ya vijana hao kwa vikao 8, wakiwasaidia kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu utoto hadi siku za mateso na baada yake. Hao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa masomo ya ziada na ushauri wa kawaida.

Fundisho lililopo ni dhahiri. Kijana asiyelala usiku kwa ndoto za kutisha hawezi kutulia kazini, hata akipewa cherehani mpya. Na aliyepata nafuu ya nafsi, lakini hana la kufanya mchana, atakata tamaa. Tiba na kazi hapana budi ziende pamoja. Shule ya ushonaji ya Mtakatifu Monica mjini Gulu, chini ya Mtawa Rosemary Nyirumbe, ililielewa jambo hilo. Iliwapokea akina mama vijana pamoja na watoto wao, ikawafunza kushona na kupika, huku wakiishi mahali pasipo na wa kuwanyooshea kidole.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Dominic Ongwen alitekwa mtoto akienda shule. Hakupata wa kumwokoa mapema, akapanda cheo hadi kuwa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 25. Mahakama iliyazingatia mateso ya utoto wake katika kupima adhabu, lakini haikumwondolea hatia, kwa kuwa waliouawa nao walikuwa na haki yao.

Leo waliozaliwa msituni ni watu wazima. Wengi wao hawana ardhi, maana kwa desturi ardhi hupitia ukoo wa baba, na baba zao hawajulikani au hawakubaliki. Vijana wa namna hiyo wanapatikana pia Kongo Mashariki, ambako askari wa Tanzania walipelekwa mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa.

Askari si mganga, wala polisi si mwalimu wa ufundi. Lakini askari wa doria akimkuta mtoto mwenye silaha, au polisi akiitwa usiku kumtuliza kijana anayepiga kelele kwa hofu ya mambo yaliyopita, yeye ndiye mlango wa kwanza. Amnyang'anye silaha, amlinde, amfikishe kwa wanaoweza kumtibu na kumfunza kazi. Kila kijana anayepata riziki halali na usingizi wa usiku ni mtu mmoja ambaye hatarudi tena msituni.