Jongoo Aliyeleta Udongo: Hotuba kwa Wakazi wa Shimanzi Kabla ya Ziara ya Haller Park



Shimanzi ni mtaa wa maghala, malori na matangi ya mafuta. Ukimwambia mtu apande mti hapa, atauliza: udongo uko wapi?

Swali hilo liliwahi kuulizwa Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe, kikaacha mashimo meupe yenye joto kali. Mwaka 1971 René Haller alipanda aina 26 za miti. Tatu tu zilistahimili, mvinje ukiwamo. Lakini majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza. Aliyeokoa kazi ni jongoo: aliyala, na kinyesi chake kikawa mboji. Msitu ukakua, na mwaka 1984 wageni wakafunguliwa milango.

Mkifika leo, msikimbilie twiga na viboko tu. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe jongoo na mboji yake. Watoto waiguse.

Maganda ya mboga tunayotupa mitaroni huziba maji wakati wa masika. Yakiozeshwa, ni udongo wa sukumawiki kwenye gunia, hapa hapa Shimanzi. Haba na haba hujaza kibaba.

Safari njema.