Liti wa Unyaturu: Kumuenzi Zaidi ya Jina la Uwanja



Kila mechi inapochezwa katika Uwanja wa Liti mjini Singida, watangazaji wa redio humtaja Liti mara nyingi kuliko sisi walimu tunavyomtaja darasani. Uwanja uliokuwa ukiitwa Namfua sasa una jina lake, na anastahili. Lakini muulize kijana anayetoka getini Liti ni nani. Atakwambia ni yule mwanamke wa nyuki, kisha basi.

Liti Kidanka aliwaongoza Wanyaturu kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi mengi yanataja miaka ya 1903 hadi 1908. Siku hizi wapo wanaomwita malkia. Siafikiani nao. Wanyaturu hawakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima, kila ukoo uliendesha mambo yake. Kwa hiyo Liti hakurithi kiti wala askari. Watu walimfuata kwa kuwa walimwamini yeye na uganga wake, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko taji.

Sasa nyuki. Wazee husimulia kwamba aliwatuma wakawashambulia askari wa Kijerumani. Msomi wa mjini hutabasamu akisikia hivyo, nami namwomba asifanye haraka. Nyuki wa kwetu ni wakali, na mmoja akishauma huacha harufu inayowaita wenzake. Novemba 1914, katika vita vya Tanga, makundi ya nyuki yaliwavuruga askari waliokuja na Waingereza kutoka India, hadi ikadaiwa kwamba Wajerumani ndio waliowatega. Katika nchi ya warina asali kama Singida, ambako mizinga hutundikwa mitini, mtu anayewajua nyuki alikuwa na silaha. Kama aliwaamuru kwa dawa au kwa ujuzi, mwanahistoria hana haja ya kuamua. Aandike walivyosimulia wenyewe.

Uandishi ndio kidonda chetu. Afisa wa Kijerumani, Eberhard von Sick, aliandika juu ya Wanyaturu, na kazi yake ikachapishwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1969 Marguerite Jellicoe alichapisha makala juu ya upinzani wa Wanyaturu katika jarida la *Tanzania Notes and Records*. Zote mbili ni kazi za wageni, na si kwa Kiswahili. Wenzetu wa Songea wana makumbusho ya Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani haohao. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda pale akaomba radhi kwa waliyoyatenda Wajerumani. Mgeni kama huyo akija Singida kesho, tutamkabidhi nini mkononi?

Ninapendekeza kila shule ya sekondari mkoani iwatume wanafunzi kwa wazee wao wakarekodi habari za Liti, kwa Kinyaturu kwanza, Kiswahili baadaye. Kila simulizi ibaki na jina la msimulizi na kijiji chake, ikiwa ameridhia. Zikipingana, hasa kuhusu kifo chake, ziachwe zipingane. Tusikae mezani kutunga simulizi moja rasmi kwa ajili ya kibao cha uwanjani. Nakala zihifadhiwe maktaba ya mkoa, na nyingine zirudi vijijini.

Maofisa utamaduni mliopo hapa, naomba kazi hii ianze kabla shule hazijafunga muhula huu. Wazee waliosimuliwa na watu walioishi enzi za Liti wamebaki wachache sana.